Chongo Halisi

Ukiuliza geti la maana linatengenezwa wapi, kuanzia barabara ya kiwanda cha magodoro hadi kule kwenye nyumba mpya za walimu, watu watakuambia nenda kwa Chongo. Hawatakupa jina jingine kwa sababu hawalijui. Watakuelekeza tu: pita duka la rangi, kata kulia kwenye nguzo iliyoinama, utasikia grainda inalia, ni hapo hapo. Wakishakuelekeza watacheka kidogo. Si kwa ubaya. Ni kucheka kwa mtu aliyezoea neno mpaka amesahau kwamba neno hilo lina mwenyewe na mwenyewe ana masikio.

Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, mrefu, mwenye mabega ya kubeba mabomba na mikono iliyojaa makovu madogo madogo ya cheche. Alivaa miwani nyeusi asubuhi hadi jioni, mvua inyeshe, jua liwake. Nyuma ya kioo cha kushoto palikuwa na shimo na kope zilizoshonwa ovyo ovyo. Mkewe alipaona siku za mwanzo, alipokuwa akipasafisha kwa maji ya chumvi, kisha hakupaona tena. Watoto hawakupaona kabisa. Alilala amegeukia ukutani, akaamka kabla yao, na hata mwaka ule homa ilipomlaza siku tisa, alilazwa na miwani yake usoni, jasho likimtiririka chini ya fremu.

Ndani ya nyumba yake neno hilo halikutamkwa. Hiyo ilikuwa amri ya mkewe, mwanamke mpole mpaka umguse hapo. Siku moja shemeji yake, ndugu wa damu wa mumewe, alisimama mlangoni akauliza kwa mzaha, "Jamani, Chongo yupo?" Mama huyo alikuwa na kikombe cha chai mkononi, tayari kumkaribisha mgeni. Akakirudisha jikoni. Aliporudi akasema, "Hapa anakaa baba watoto wangu. Huyo unayemtafuta kamuulizie barabarani." Shemeji akadhani utani, akacheka, akangoja. Alingoja sana. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima, na tangu hapo watu wakijua wanakuja nyumbani, hufyata ulimi kuanzia kwenye kona.

Sasa jina lenyewe lilitoka wapi? Lilitoka kwa Bosi, na Bosi bado yuko hai, mzima wa afya, karakana yake ipo njia panda hadi leo.

Miaka kumi na minne iliyopita fundi wetu alikuwa kibarua kwa Bosi pamoja na wenzake watatu. Mafundi wanne, miwani ya kazi moja. Ilining'inia kwenye msumari karibu na mlango, na aliyeshika grainda ndiye aliyeivaa. Utaratibu huo ungeenda salama kama Bosi asingeipenda miwani ile. Aliipenda kwa sababu ya pikipiki. Njia zilikuwa na vumbi, na miwani ile ilikaza vizuri kichwani, basi kila akitoka kwenda kununua mali, anaichomoa msumarini na kuondoka nayo. Kazi haikusimama kumngoja. Aliyekuwa na grainda alikunja uso, akageuza shingo pembeni, akakata hivyo hivyo. Siku hiyo aliyekuwa na grainda ni yeye, anakata nondo za madirisha ya zahanati, na jiwe la grainda likapasuka. Wenzake walimfunga kitambaa, wakamkimbiza hospitali kwa mkokoteni wa kubebea mchanga. Njiani walipishana na Bosi akirudi kutoka sokoni, miwani usoni, anawapungia mkono.

Bosi alikuja wodini na mfuko wa machungwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama bandeji, akasema, "Tushukuru, limebaki moja." Halafu akamenya chungwa, akala mwenyewe. Na asubuhi ile fundi aliporudi kazini, bado ana kizunguzungu, anapapasa hewa kwa sababu mtu wa jicho moja hajui kitu kiko mbali kiasi gani mpaka akiguse, Bosi alipiga makofi akasema, "Haya Chongo, shika kazi." Wale watatu wakacheka. Yeye naye alitabasamu. Hilo ndilo jambo ambalo hakujisamehe maisha yake yote, lile tabasamu. Laiti angenuna siku ile, pengine neno lingefia pale pale.

Alivumilia miaka miwili mingine, kisha akafungua karakana yake. Kibao alichoandika kilisema Kazi za Chuma, basi, bila jina. Lakini jina lilikuwa limemtangulia, na likafanya kitu cha ajabu: likamletea wateja. Fundi yeyote akitaka kujua bomba limenyooka au la, hulishika kama bunduki, akafumba jicho moja, akachungulia kwa urefu wake. Watu wakaanza kusema Chongo hana haja ya kufumba, yeye kila saa yuko kwenye shabaha. Ulikuwa utani, lakini mageti yake kweli yalinyooka. Hayakunyooka kwa sababu ya jicho. Yalinyooka kwa sababu hakuliamini lile moja lililobaki, kwa hiyo alipima kila kitu mara tatu kwa futi, kisha akapitisha kiganja chuma kizima, inchi kwa inchi, kama mtu anayetafuta uvimbe. Hilo wateja hawakulijua. Wao walijua Chongo, mstari.

Mambo yalianza kulegea mwaka ambao watu waliacha kutembea kutafuta fundi. Wakawa wanatafuta kwenye simu. Siku moja walikuja bwana na bibi arusi wapya kabisa, wakakagua geti lililokuwa limeegeshwa nje, wakalipenda, kisha yule bibi akauliza, "Ukurasa wako unaitwaje, tukachague muundo?" Fundi akajibu kwamba hana ukurasa, ana mageti. Wakatazamana. Wakasema watarudi, kwa sauti ile ya watu wasiorudi.

Binti yake mkubwa, wa miaka ishirini na miwili, alifanya kazi kwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi, na mambo hayo aliyajua nje ndani. Jumapili mchana wakaketi mezani watatu, baba, mama na binti, simu katikati yao kama mgonjwa. Kazi ilikuwa moja tu: kuchagua jina la mtandaoni.

"Andika Mageti Bora," akasema baba.

Binti akaandika. Maandishi mekundu yakatokea: jina hili tayari linatumika.

"Chuma Imara."

Tayari linatumika. Fundi Mageti, linatumika, tena na mtu anayeuza mapazia. Geti la Kisasa, Mlango wa Chuma, Nguvu ya Chuma, yote yana wenyewe. Fundi akaona kama amechelewa kuzaliwa. Hata maneno matupu yameshagawanywa na yeye hakuitwa kwenye mgao.

"Si muandike jina lake," akasema mama. "La kwenye cheti. Zuri kabisa."

"Mama, ni zuri, lakini nani anamjua baba kwa jina hilo? Unamjua wewe, bibi, na mwenyekiti wa mtaa."

"Watalijua."

Binti akaiweka simu chini. Akaizungusha mezani kwa kidole. "Kuna jina moja halijachukuliwa," akasema polepole. "Nimeangalia jana. Na watu wanalitafuta; mtu akiandika herufi tatu tu, linakuja lenyewe."

Hakulitaja. Wote watatu walilisikia. Mama akainuka, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

"Litaje," akasema akiwa amewapa mgongo. "Litaje humu ndani nione."

"Mama, mimi nasema kibiashara tu."

"Biashara ya kumuuza baba yako?"

Fundi akanyoosha mkono, akamshika binti yake begani. "Mwanangu, najua unanitakia mema. Lakini hilo hapana. Watu wa nje siwezi kuwaziba midomo. Mimi mwenyewe nisijiite." Alikuwa akisema kwa upole, lakini moyoni alikuwa amechomwa. Kwamba binti yake, damu yake, amelijua neno hilo miaka yote hii, amelibeba shuleni na kazini, na jana amekaa akaliandika kwa vidole vyake kuangalia kama lipo sokoni! Alijiona mjinga. Alidhani ukuta wa nyumba ulikuwa unazuia kitu.

Wakakubaliana Kazi Safi ya Chuma, na kwa kuwa hilo nalo lilikuwa na mwenyewe, wakaongeza saba mwishoni. Kazi Safi ya Chuma Saba. Mama akalipenda. Baada ya miezi mitatu ukurasa ulikuwa na wafuasi kumi na wawili, wanane kati yao ndugu, na mmoja mtu anayeuza dawa za kuondoa mvi.

Ndipo akaja yule mama wa duka la dawa. Huyu alikuwa mteja wa zamani, geti lake lilikuwa na miaka sita na halijawahi kutoa mlio. Siku hiyo aliingia karakanani bila salamu.

"Fundi, umeniaibisha. Mimi ndiye niliyemwambia dada yangu aje kwako. Geti limepinda, linakwaruza chini, mpaka mtoto hawezi kulifungua. Na simu hupokei."

"Dada yako simjui, mama. Sijatengeneza geti la dada yako."

"Hujatengeneza? Mwezi uliopita? Si hili hapa?" Akatoa simu, akambandikia usoni.

Fundi akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu, mpaka akaona. Ukurasa uliandikwa Fundi Chongo. Chini yake: Jicho Moja, Mstari Mmoja. Wafuasi elfu tisa na ushee. Picha zilikuwa za mageti yake. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Aliyatambua moja moja kama mtu anavyotambua watoto wake kwenye picha ya shule. Lile la nyumba za walimu lenye miale ya jua, lile la mwenye bucha, lile la huyu huyu mama wa duka la dawa, lililopigwa picha kutoka barabarani, na mkokoteni umeingia pembeni. Na juu kabisa, kwenye duara la picha ya mwenye ukurasa, alisimama mtu amekunja mikono kifuani, kavaa miwani nyeusi. Alikuwa Bosi.

Alikwenda njia panda kwa miguu, aproni kiunoni. Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa soda. Alikuwa amenenepa. Miwani nyeusi ilikuwa usoni.

"Karibu," akasema Bosi. "Leo umetukumbuka."

"Bosi, nimeona ukurasa."

"Upi? Ninayo mitatu."

"Wa Chongo."

"Ah, huo. Huo unaenda vizuri."

"Chongo ni mimi."

Bosi akaweka chupa chini. "Tangu lini?" akauliza, na kwa kweli alionekana kutaka kujua. "Miaka yote hii mtu akikuita hivyo unanuna. Mkeo kamnyima ndugu yako chai, dunia nzima inajua. Umekitupa kitu mwenyewe barabarani, mwenzio nimekiokota, nimekifuta vumbi, leo unakuja kudai?"

"Na picha? Yale ni mageti yangu."

"Geti liko barabarani, na barabara ni ya wote. Mimi nawaonyesha watu mitindo, basi. Halafu tusiende mbali. Hilo jina alikupa nani? Si mimi? Hapo hapo uliposimama. Una cheti chake?"

Joto lilikuwa kali. Bosi akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja, akakodoa macho kwenye mwanga. Macho mawili, mazima, yenye wekundu kidogo wa vumbi. Pembeni ya fundi, juu ya meza ya kazi, kulikuwa na nyundo, na tusifiche, aliiona. Aliiona vizuri sana. Kilichomzuia si wema. Alimfikiria binti yake akipeleka chakula gerezani.

"Ile miwani ya kazi," akasema hatimaye, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka, "siku ile ungeiacha kwenye msumari."

Bosi akashangaa. "Mambo ya miaka hiyo bado unayabeba? Utaumwa, ndugu yangu. Samehe uishi."

Binti alipeleka malalamiko kwa wenye mtandao. Baada ya siku mbili likaja jibu kwamba ukurasa huo umechunguzwa na haujavunja kanuni. Na mageti ya Bosi yaliendelea kupinda huku na huko mjini, kila moja likipinda kwa jina la Chongo. Wateja wawili wakaghairi kazi walizokwisha kuagiza. Mwenye bucha, mtu wa siku nyingi, akamvuta pembeni akamwambia kwa huruma, "Nasikia siku hizi lile jicho limechoka." Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Jina ambalo hakulitaka lilikuwa linaharibiwa, na uharibifu ulikuwa unamla yeye.

Akaja nyumbani mchana, akamkuta binti yuko mapumzikoni. "Fungua ukurasa mwingine," akasema. "Andika Chongo."

"Limechukuliwa, baba."

"Andika Chongo Halisi."

Binti akaandika. Hayakuja maandishi mekundu. Jina lilikuwepo, limekaa tu linamngoja. Mkewe alikuwa anapepeta mchele kwenye baraza. Akasimamisha ungo. Akauweka chini, akaingia chumbani, na mlango ukafungwa bila kupigwa kishindo.

Mtu angedhani shida imeisha. Wapi. Watu wa mtandaoni walimpokea kwa matusi. Huyu ndiye feki, akaandika mmoja. Mwingine akaandika kila mwenye miwani siku hizi ni Chongo, kesho na mimi nanunua. Wafuasi wa Bosi walikuja kundi zima kumtetea Chongo wao. Fundi alisomewa yote, akasikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama, kama anayesomewa hukumu.

"Twende karakanani," akamwambia binti. "Ukanipige picha ya video."

Akasimama mbele ya bomba refu la mraba, alilolichagua mwenyewe. Binti akashika simu kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameelewa tayari, maana alisema, "Baba, si lazima. Tutafute njia nyingine."

"Washa."

"Baba."

"Washa, mama. Usinichoshe."

Akavua miwani. Upepo ulimgusa mahali ambapo haukuwa umemgusa miaka kumi na minne, na kwa muda akasahau alichotaka kusema. Alimtazama binti yake. Binti alimtazama mara moja, moja tu, kisha akateremsha macho kwenye kioo cha simu, akawa anamtazama humo, akiwa mdogo kama kidole kimoja. Hakuinua tena uso hadi mwisho.

"Mimi ndiye Chongo," akasema fundi. "Jicho langu lilitoka nikikata chuma bila miwani ya kazi, kwa sababu miwani ilikuwa imepanda pikipiki kwenda sokoni. Aliyeipanda anajijua. Mwenye macho mawili asiwadanganye." Akainua bomba, akalichungulia kwa urefu wake, akalishusha. Hakuwa na la kuongeza, wala binti hakujua azime saa ngapi, kwa hiyo video ilimalizika na yeye amesimama tu, shimo wazi, anapapasa mfuko wa aproni akitafuta miwani aliyokuwa ameishika mkononi.

Mpaka kesho yake asubuhi watu elfu arobaini walikuwa wameitazama. Wengine walilia, au waliandika kwamba wamelia. Wengine walicheka. Mmoja akaandika, jamani tungeonywa kwanza, mimi nilikuwa nakula. Bosi hakubishana. Alibadili jina la ukurasa akauita Bosi wa Mageti, akabaki na wafuasi wake elfu tisa na picha zake zote, na akatuma maoni chini ya video: hongera sana mwanafunzi wangu.

Kazi zikaja. Tusiseme uongo, zilikuja nyingi, za mbali, za majengo ya ghorofa. Mkewe alikaa siku nne bila kumsemesha zaidi ya chakula tayari. Siku ya tano alikuja karakanani, akajitafutia stuli, akachukua daftari, akaanza kuandika oda na vipimo, kwa sababu binti alikuwa kazini na simu hazikukoma. Alifanya vizuri. Alijua kupanga zamu, alijua kumtuliza mteja anayefoka. Ada ya mtoto wao mdogo ikalipwa ya mwaka mzima. Walikuwa wakila mchana pamoja pale pale, kwenye benchi la kazi, na hawakuzungumza juu ya video hata siku moja.

Jambo moja tu. Wateja wapya walikuwa watu waliokwisha kudanganywa, au waliosikia wenzao wakidanganywa. Wa kwanza alikuwa mkandarasi mwenye adabu zake. Alipatana bei, akatoa kalamu asaini, kisha akasita. "Samahani fundi, usinielewe vibaya. Siku hizi matapeli wengi." Akaonyesha miwani kwa kalamu. Fundi akainyanyua, akairudisha. Wa pili akaomba. Wa tatu hakuomba, alisema tu, "Vua." Wengine walitaka picha naye, bila miwani, kwa ajili ya kuwaonyesha wa nyumbani. Mwezi ulipoisha fundi aliacha hata kungoja kuambiwa. Akimwona mgeni anashuka kwenye gari, mkono unaenda wenyewe usoni. Lakini mbele ya mkewe hakuwahi. Mteja akifika mama yupo, fundi humchukua nyuma ya rundo la mabomba, akamalizia huko.

Ijumaa moja asubuhi alikuwa amebeba bawa la geti, amelishikilia wima kwenye nguzo yake kwa mikono miwili na goti, anangoja fundi mwenzake apate nafasi nzuri ya kuchomelea bawaba. Ukiliachia bawa la namna hiyo, linakuvunja mguu. Gari likasimama. Akashuka bwana mmoja na mkewe, wasafi, wana haraka. Wakamuuliza mama wa daftari kama hapa ndipo, wanataka geti la futi kumi na mbili. Akawaambia ndipo. Yule bwana akamkagua fundi kuanzia viatu hadi miwani.

"Sisi tulishapigwa mara moja," akasema. "Tungependa kuhakikisha."

"Nakuja," akasema fundi kutoka kwenye geti. "Dakika tano, bwana. Hapa siwezi kuachia."

Yule bwana akatazama saa. Akamwambia mkewe jambo la chini chini, na mkewe akaanza kurudi kwenye gari.

"Baba watoto," akasema mama kutoka kwenye stuli, "waonyeshe basi, wasije wakaondoka. Hii ni ya futi kumi na mbili."

"Nimeshika geti, mke wangu."

Akaliona hilo. Akafunga daftari, kalamu akaichomeka katikati ya kurasa, akainuka. Fundi alimsikia akija nyuma yake, akadhani anakuja kumsaidia kushika. Mkono wa mkewe ukapita juu ya bega lake, ukaishika miwani kwenye fremu, taratibu, kwa vidole viwili, ukaivua. Kisha akamgeuza uso kidogo kwa kiganja, upande wa mwanga.

Yule bwana akainama, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndiye," akamwambia mkewe. "Rudi, ndiye mwenyewe." Akauliza geti litachukua siku ngapi.

"Sita," akasema mama, miwani ingali mkononi mwake. "Na rangi ni juu yenu."